Shajara ya nyonga ya mbao

Jumamosi, 4 Oktoba

Kazi hii imeanza na kilio cha Yaya. Jana jioni alipanda kwangu kutoka barabarani, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akakaa kabla hatujamaliza salamu. Nyonga ya plastiki wanayofundishia ukunga shuleni kwao imekatika mfupa wa mbele. Waliifunga kwa plasta, plasta nayo imechoka, na sasa mwanafunzi akimpitisha mwanasesere, mtoto anatokea ubavuni. (Yaya ni dada yangu mkubwa. Wasomaji wa Dar na Mombasa wasidhani ni mlezi wa watoto. Huku Bukavu ndiyo heshima ya aliyekutangulia kuzaliwa.)

"Wewe si mtu wa hesabu?" akaniambia. "Nifanyie moja ya mbao. Namba ziko hapa."

Alichoniachia ni nusu karatasi ya daftari. Mlango wa juu wa nyonga: sentimita 11 kutoka mbele kwenda nyuma, 13 kutoka ubavu hadi ubavu. Katikati: 12 kwa 12. Mlango wa chini: 13 mbele hadi nyuma, 11 ubavu hadi ubavu. Wakunga wanazikariri namba hizi kama watoto wanavyokariri jedwali la mara. Nilizisoma usiku kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekwenda, nikajikuta nimeamka kutafuta kalamu. Mlango wa juu na mlango wa chini ni umbo moja. Limezungushwa robo tu.

Nimekubali. Pete tatu za tripleksi (mbao za tabaka), nguzo za mkaratusi za kuzishikilia, na kichwa cha mtoto cha kupitisha. Nimemwambia wiki mbili. Hakuniuliza bei, kwa hiyo najua bei ni kiasi gani.

Jumanne, 7 Oktoba

Baada ya vipindi nilikwenda Kadutu kwa fundi ninayemjua, mzee anayechonga vitanda na, siku ikiwa mbaya, majeneza. Karakana yake imening'inia mlimani hivi kwamba msumari ukianguka unaufuata kwa jirani wa chini.

Kuchora duaradufu, yaani duara lililobanwa pande mbili, hakutaki mashine. Unapiga misumari miwili, unafunga uzi uliolegea kati yake, unauvuta kwa ncha ya kalamu mpaka ukaze, halafu unazunguka. Popote kalamu ilipo, umbali wake hadi msumari mmoja ukijumlishwa na umbali hadi wa pili haubadiliki. Kazi ni kujua misumari ikae wapi. Kwa mlango wa juu, nusu ya kipenyo kirefu ni 6.5 na nusu ya kifupi ni 5.5. Mraba wa 6.5 ni 42.25, mraba wa 5.5 ni 30.25, tofauti ni 12 kamili, na kipeuo cha pili cha 12 ni 3.46. Basi kila msumari uko sentimita 3.46 kutoka katikati, na uzi kati yake ni wa sentimita 13.

Uzi wa kwanza ulikuwa wa nailoni. Nailoni inavutika, nikapata umbo lenye tumbo upande mmoja kama mtu aliyeshiba ugali akaegemea. Fundi akanipa uzi wa kushonea viatu, ule wenye nta. Huo ulitii.

Alilitazama umbo kwa muda. "Prof, hii iko yai ao iko sahani?"

"Iko sahani, Muzee. Yai lina ncha nene na ncha nyembamba. Hii ukiigeuza upande wowote ni ile ile."

"Lakini dada yako alisema yai."

Ni kweli, na kosa si la dada yangu. Neno wanalotumia madaktari linatoka kwenye yai la Kilatini, na wamelibandika kila mahali palipo na uwazi usio duara. Wanahesabu nao si bora sana. Duaradufu ina maana moja tu, lakini "umbo la yai" kila mtu ana lake: Descartes alitoa ya kwake mwaka 1637, Cassini ya kwake mwaka 1680, na hazifanani. Hata Johannes Kepler, alipokuwa akitafuta njia ya Mirihi angani, alipitia kwanza umbo la yai kabla ya kukubali duaradufu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1609. Nilimhadithia fundi habari ya Kepler. Akasema basi na yeye hana haraka.

Halafu akanionyesha njia yake. Hakuhitaji uzi. Kwa bikari alichora vipande vinne vya duara, viwili vyenye nusu kipenyo kirefu na viwili vyenye kifupi, akaviunganisha. Hivyo ndivyo anavyochora meza za sebuleni. Kwa hesabu hiyo si duaradufu: mahali vipande vinapokutana, mkunjo unaruka ghafla badala ya kubadilika polepole. Tuliweka mchoro wake juu ya wangu, tukaushika dhidi ya mwanga wa mlango. Ulipishana na wangu pembeni kwa unene wa mstari wa kalamu, basi. Msumeno wake unakula zaidi ya hapo. Tumekata kwa kutumia mchoro wangu, lakini kwa sababu ya heshima ya mteja tu.

Kabla sijaondoka akauliza kwa nini misumari miwili, misumari yenyewe ina maana gani. Kuna jambo moja ninalolipenda sana hapa. Kitu kikitoka msumari mmoja, kikagonga ukuta wa duaradufu popote pale, kinarudi kwenye msumari wa pili. Mwanzoni mwa 1980, mjini Munich, Ujerumani, madaktari waliutumia ukweli huo kuvunja mawe ya figo bila kisu. Mgonjwa alilazwa ndani ya beseni la maji. Chini yake palikuwa na bakuli la chuma, nusu ya duaradufu iliyozungushwa. Cheche ililipuliwa kwenye pointi ya kwanza, na jiwe la figo likawekwa sawasawa kwenye pointi ya pili. Mtikisiko ulisambaa pande zote, ukagonga bakuli, ukakutana wote kwenye jiwe.

Fundi alisimama akiitazama misumari yangu miwili. "Na kama mutu amelala vibaya?"

"Ndiyo maana walikuwa wanampiga picha kwanza, Muzee."

Alhamisi, 9 Oktoba

Pete zimekatwa, zimepigwa msasa. Ukingo wa ndani bado unakwaruza, hivyo nimeamua kuuvisha mpira, utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Nilinunua mpira uliokwisha kazi kwa motari wa pale juu.

Nikate utepe wa urefu gani? Swali hili linafedhehesha walimu wa hesabu. Eneo la duaradufu ni rahisi: nusu ya urefu mara nusu ya upana mara pai. Mzingo wake hauna kanuni ya namna hiyo hata kidogo. Watu wameutafuta kwa karne nyingi, na jibu kamili ni mfululizo usiokwisha. Ninayoitumia ni makadirio ya Ramanujan, mwanahesabu wa India, ya mwaka 1914: unazidisha jumla ya nusu hizo mbili kwa tatu, unatoa kipeuo cha pili cha mara-tatu-ya-ndefu-na-fupi kuzidisha ndefu-na-mara-tatu-ya-fupi, halafu unazidisha kwa pai. Kwangu ikawa 36 kutoa kipeuo cha pili cha 575, mara pai: sentimita 37.76.

Kisha nikafanya pete ya katikati, ile ya 12 kwa 12, ambayo ni duara la kawaida. Sentimita 37.70.

Nilifuta nikarudia. Tofauti ni chini ya milimita moja. Nikajaribu maeneo: mlango wa juu sentimita za mraba 112.3, duara la katikati 113.1. Mlango wa chini ni sawa na wa juu. Kwa maneno mengine, nyonga ya kwenye jedwali la wakunga haipanuki wala haisinyai kutoka juu hadi chini. Njia nzima ina ukubwa mmoja, na kinachobadilika ni upande ulikonyooshwa. Chukua pete ya mpira, ibonyeze huku, iachie, ibonyeze kule: ndiyo njia aliyopita kila mmoja wetu aliyezaliwa kwa kawaida.

Nimekata tepe tatu za urefu mmoja.

Nilimpigia Yaya simu saa nne usiku kumweleza. Alisikiliza, akasema kwenye ekografi (ultrasound) mashine inachora duaradufu ya vitone kuzunguka kichwa cha mtoto tumboni na kutoa mzingo, na kwamba wao zamani walifundishwa kujumlisha vipenyo viwili, kugawa kwa mbili na kuzidisha kwa pai. Nikaijaribu hapo hapo: 13 na 11 ni 24, nusu yake 12, mara pai ni 37.70. Kwa umbo lisilorefuka sana, Ramanujan hana cha kuongeza. Yaya akasema tulale.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu. Nimeunganisha pete tatu kwa nguzo nne za urefu mmoja, zimesimama moja juu ya nyingine kama rafu za duka la vocha, safi kabisa. Fundi ameipaka vanishi. Yaya amekuja, ameizunguka mara moja.

"Hii ni bomba la maji."

"Namba zako zote zimo."

"Namba ziko sawa. Mwanamke hayuko hivi." Akanishika mkono, akanionyesha kwa kiganja chake mwenyewe. Mbele, ukuta wa nyonga ni mfupi, sentimita 4 hivi. Nyuma, kwenye mfupa wa chini ya mgongo, ni kama 12, nao umepinda. Pete zangu haziwezi kulala sambamba. Zinakutana karibu mbele na kuachana nyuma, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Mtoto hashuki moja kwa moja; anaanza kuelekea nyuma, halafu anakunja kona kuja mbele.

Kwenye karatasi yake hapakuwa na 4 wala 12. Nilimwambia hivyo. Akasema kila mkunga anajua.

Vanishi imepotea bure.

Jumatano, 15 Oktoba

Nguzo mpya: mbili fupi mbele, mbili ndefu nyuma zilizochongwa na mpindo. Fundi alilalamika kuhusu mpindo, akauchonga kwa patasi kwa asubuhi moja, akaupenda. Sasa ukitazama kutoka juu huoni mlango wa chini wote. Unaona nusu yake, na nusu nyingine imejificha nyuma ya kona. Hicho peke yake kimenifundisha zaidi ya ile karatasi.

Kichwa nilikichonga mwenyewe kutoka frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni kwenye katoni. Ukiikata kwa kisu inalia na kumwaga vipunje vinavyong'ang'ania suruali, mswaki na paka. Upana wa masikio hadi masikio sentimita 9.5, paji hadi kisogo 11.5. Nikajaribu. Mlango wa juu, kichwa kikiwekwa urefu wake mbele-nyuma, kinagoma: 11.5 haiingii kwenye 11. Kikiwekwa ubavu-ubavu kinaingia. Kikifika chini kinagoma tena, mpaka ukigeuze robo. Nikaona nimemaliza kazi. Umbo la yai linageuka ndani ya umbo la yai, na sababu ya mtoto kuzunguka imepatikana kwa rula.

Yaya alikuja jioni na mwanafunzi mmoja. Walijaribu. Yule msichana alifurahi. Yaya hakusema kitu, akachukua kichwa changu mkononi, akakiinamisha.

"Mtoto mzuri hashuki akitazama mbele kama askari wa gwaride," alisema. "Anainama. Kidevu kwenye kifua. Akiinama sawasawa, kinachotangulia ni kuanzia chini ya kisogo hadi kwenye utosi. Hapo ni ngapi?"

Msichana alijibu kabla yangu: "Tisa na nusu."

Tisa na nusu kwa tisa na nusu. Akiinamisha kichwa, mtoto anakuwa ameigeuza duaradufu yake kuwa karibu duara. Na duara la 9.5 linapita kila pete yangu bila kugeuka hata kidogo.

Hapo hesabu yangu ilinywea. Niliuliza, basi anazunguka kwa nini? Yaya akaanza kuhesabu kwa vidole. Si kila mtoto anainama kikamilifu. Chini ya nyonga kuna misuli iliyoteremka kama mfereji wa paa, na kinachotangulia kikiugusa kinasukumwa kuelekea mbele. Na kuna mabega. Kwenye kitabu chake mabega ni sentimita 12, nayo hayainami.

Nilichukua kipande cha tripleksi, nikakikata sentimita 12, nikakishusha. Juu: kinapita ubavu-ubavu peke yake. Chini, ubavu-ubavu: tak, kimekwama kwenye 11. Robo mzunguko: kimetoka. Nimekifanya mara kumi labda. Kina mlio wake.

Yaya alikuwa na neno moja zaidi. Mtoto aliyeinua uso nusu, paji likitangulia, anaonyesha kipenyo cha kidevu hadi kileleni, 13.5. Nilitazama jedwali. Hakuna pete yangu yenye 13.5 popote. "Ndiyo," alisema, "huyo tunampeleka kwa daktari." Msichana aliyekuja naye aliandika.

Kesho nachonga kichwa kingine chenye bawaba shingoni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua tangu asubuhi, barabara ya kwenda kwa fundi imekuwa mto. Nimekaa nyumbani na mabaki ya mpira wa pikipiki na nimefanya kitu ambacho hakikuagizwa.

Kilitokana na kisa alichonisimulia Yaya tukicheka. Mwaka jana mwanafunzi aliandika kwenye mtihani kwamba neva ya taya la chini hupita ndani ya moyo. Kabla hujamcheka, sikiliza: kwa Kilatini kuna tundu la umbo la yai chini ya fuvu, na hiyo neva inapita hapo kweli. Kuna tundu jingine lenye jina hilo hilo, neno kwa neno, kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo wa mtoto aliye tumboni. Kwa Kifaransa chetu cha darasani la moyo linaitwa tundu la Botal, kwa jina la Leonardo Botallo, tabibu wa Italia wa karne ya 16, hivyo hayagongani. Yule mwanafunzi alisomea kitabu cha Kilatini. Mimi ningempa nusu alama. Wangeongeza na dirisha la umbo la yai ndani ya sikio, pale kikuku, kile kifupa kidogo cha sikio, kinapokanyaga, fujo ingekamilika. (Kwa hilo nina namba moja tu ninayoipenda: kiwambo cha sikio ni kipana kama mara 17 kuliko unyayo wa kikuku, na sauti yote iliyokusanywa na kiwambo inabanwa kwenye kidirisha hicho.)

Nilichofanya ni mlango wa moyo. Ubao wenye tundu la duaradufu, na kipande cha mpira kilichogundishwa ukingo mmoja tu, upande wa kushoto. Mtoto akiwa tumboni hapumui. Damu safi inatoka kwenye kondo na kufika chumba cha kulia cha juu. Inasukuma mpira, mpira unafunguka, damu inapita kushoto bila kupoteza wakati kwenye mapafu yasiyo na hewa. Siku anazaliwa, analia, mapafu yanajaa, damu inarudi kutoka mapafuni kwa wingi na kujaza chumba cha kushoto. Sasa msukumo unatoka upande wa pili. Pap. Mlango umebanwa ukutani. Baadaye unaota na kushikana, unabaki kishimo cha umbo la yai tu. Kwa mtu mzima mmoja kati ya wanne haushikani kabisa, na wengi wao hawatajua maisha yao yote.

Niliupulizia kwa mdomo. Upande wa kulia unafunguka, upande wa kushoto unafunga na kutoa mlio wa aibu unaowafurahisha watoto wa jirani. Ukweli ni kwamba gundi haikushika pembeni, na hewa kidogo inapita. Nilitaka kurekebisha, nikaacha. Huyu ni yule wa nne.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nyonga imekwenda shuleni Jumatatu, imefungwa kwenye kitenge, juu ya pikipiki, nikiwa nimeikumbatia. Sikualikwa darasani lakini nilibaki mlangoni.

Yaya alikuwa ameniomba pete ya nne siku mbili kabla: nyonga bapa, iliyobanwa mbele-nyuma. Nilichukua utepe ule ule wa sentimita 37.7 na kujiuliza, nikiubana hadi 9.5, upana unafika wapi? Unafika 14.3 hivi. Mzingo ni ule ule, lakini eneo limeshuka hadi 106. Upana wote huo wa ubavuni haumsaidii mtoto chochote, maana kinachohitajika ni 9.5 ile ya mbele-nyuma, na kichwa nacho ni 9.5. Mbao kwa frigoliti, bila hata unywele wa nafasi. Nilimwambia Yaya kwamba kwa hesabu kichwa hakipiti. Akasema niilete hivyo hivyo.

Wanafunzi watatu walijaribu, kichwa kikakwama, vipunje vyeupe vikamwagika mezani. Wa nne, yule msichana aliyekuja kwangu, hakusukuma. Alikilaza kichwa kidogo kuelekea bega moja, kama mtu anayepitisha kochi kwenye mlango mwembamba, akashusha upande mmoja wa fuvu kwanza, kisha akakiinua upande wa pili ufuate. Kikapita, kwa shida, kikikwaruza.

"Nani amekufundisha?" Yaya akamuuliza.

"Hakuna, Mama. Kilikuwa kinakataa."

Yaya aligeukia darasa akawaambia ndivyo watoto wenyewe wanavyofanya wakikuta nyonga bapa. Mimi nimerudi na kichwa kilichokwaruzika; nitafute frigoliti nyingine, na safari hii nikivishe soksi.